Jembe la Kale Mnadani

Katika minada ya vitu vya kale huko Ulaya huweza kuonekana vitu viwili vilivyotoka katika nchi za Tabora. Cha kwanza ni sarafu ya dhahabu yenye picha ya tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 na serikali ya Wadachi. Sarafu hiyo haihitaji mtu wa kuieleza. Jina la koloni, mwaka na thamani yake ya rupia 15 vimechorwa juu yake, na madalali wa kazi hiyo wanajua ya kuwa zilipigwa 16,198 tu. Cha pili ni kipande cha chuma cheusi chenye kutu, kipana kama moyo upande mmoja, chembamba kama kidole upande wa pili. Hicho hakina jina, wala mwaka, wala thamani iliyoandikwa. Dalali akikosa la kusema huandika kuwa ni mkuki, au beleshi dogo, au chombo cha ibada, au fedha ya kienyeji, kisha hukinadi pamoja na vinyago na ngoma.

Kipande kama hicho kikiletwa Bukene siku ya mnada, khabari yake huwa nyingine. Bukene ni mji mdogo wa wilaya ya Nzega, kaskazini ya Tabora, kando ya reli ya Mwanza iliyofika ziwani mwaka 1928. Katika nchi ile yote mnada ni siku ya ng'ombe na mbuzi, nguo na vyungu, na pembeni huenda akawapo mtu aliyetandaza chini chuma chakavu: springi za magari, minyororo, mapanga yaliyokatika. Kijana huweza kukiokota kipande kile akadhani ni mkuki uliopondwa. Mwanamke mzee akikishika hukigeuza mkononi, akayatazama makali, akasema kwa Kinyamwezi kuwa ni igembe, yaani jembe.

Jina hilo ni mwanzo wa jibu, na kwa mtu wa kulima laweza kutosha. Lakini atakaye kujua ni jembe gani, la nani, la zama zipi, na lilifanya kazi gani, hana budi kukisoma chuma chenyewe kama mtu asomavyo waraka.

Chombo hicho kina sehemu mbili. Sehemu pana ndiyo ilimayo. Sehemu nyembamba ni msuka. Katika jembe la kale mpini ulikuwa gongo la mti mgumu lenye kichwa kinene. Kichwa hicho kilitobolewa, na msuka ukapenyezwa ndani yake, na kila pigo lililoshuka ardhini lilizidi kuukaza. Jembe la kiwandani lijulikanalo sana siku hizi lina tundu la mviringo katika chuma chake, na mpini ndio upitao katika tundu hilo. Basi alama ya kwanza ni rahisi: katika jembe la kale chuma huingia katika mti, na katika hili jipya mti huingia katika chuma. Walakini alama hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu viwanda navyo vilitengeneza majembe yenye msuka ili viwapendeze wanunuzi waliozoea umbo la zamani.

Kwa hiyo alama ya pili hutafutwa katika chuma chenyewe. Jembe la kiwandani hukatwa katika bamba la unene mmoja, na aghalabu hupigwa chapa. Jembe la mhunzi ni nene karibu na msuka, kisha hupungua kidogo kidogo mpaka kwenye makali, na uso wake una mabonde madogo yaliyoachwa na nyundo. Likikatwa kipande na kutazamwa kwa darubini huonyesha siri yake: ndani ya chuma mna punje nyembamba za mavi ya chuma, zilizolazwa mstari mmoja baada ya mwingine kwa kufuliwa mara nyingi. Punje hizo hazimo katika springi ya gari wala katika pande la reli. Ziko katika chuma kilichotolewa kwenye mawe kwa moto wa makaa ya miti.

Wafua chuma waliosifika sana katika pande hizo walikuwa Wasumbwa na Walongo, katika nchi zilizo magharibi na kaskazini-magharibi ya Bukene, kuelekea Kahama na kusini ya ziwa Viktoria. Kazi yao ilikuwa ya kiangazi, wakati mashamba yamepumzika na kuni zimekauka. Walikwenda porini, wakachimba mawe yenye chuma, wakakata miti migumu na kuichoma iwe makaa, wakajenga tanuri la udongo, wakatia mawe na makaa tabaka juu ya tabaka, kisha wakavukuta kwa viriba. Joto lililotakiwa ni kiasi cha digrii 1200 au zaidi. Makaa yalifanya kazi mbili kwa pamoja: yalitoa joto, na hewa iliyotoka katika kuungua kwake iliiondoa oksijeni iliyoshikana na chuma ndani ya mawe. Mwisho wake lilipatikana bonge zito, nusu chuma na nusu taka, na hapo ndipo kazi ya nyundo ilipoanza. Bonge lilitiwa motoni, likafuliwa, likatiwa tena, likafuliwa tena, mpaka taka zikatoka na chuma kikashikamana. Kisha mhunzi alilichora jembe kwa nyundo, bila kalibu na bila rula, na hata hivyo majembe ya soko moja yalifanana hata mnunuzi akayahesabu kama ahesabuvyo fedha.

Maarifa hayo hayakuletwa na misafara ya pwani. Katika nchi ya Buhaya, magharibi ya ziwa hilo, mabaki ya matanuri yameonyesha kuwa watu walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya, waliokuwa wameacha kazi hiyo kwa muda mrefu, walijenga tanuri kwa kumbukumbu na kutoa chuma mbele ya wataalamu, na khabari zake zilichapishwa na Peter Schmidt na Donald Avery mwaka 1978. Wahaya na Wasumbwa si watu wamoja, na matanuri yao hayalingani kwa kila jambo. Lakini jaribio lile lilithibitisha kuwa elimu hii ilikuwa na kanuni, na kuwa kanuni hizo zilikaa vichwani mwa watu pasipo kuandikwa.

Alama ya tatu ni uchakavu. Jembe lililolima huliwa na ardhi. Ncha yake huviringika, upana wake hupungua, na aghalabu pembe moja huliwa kuliko ya pili, kwa sababu mkulima ana mkono wake wa nguvu na upande wake wa kugeuza udongo. Jembe lililolimiwa misimu mingi huwa dogo kama kiganja, na likifika hapo hupewa kazi nyepesi ya palizi, au hurudishwa kwa mhunzi lifuliwe kuwa kisu au vichwa vya mishale. Ndiyo sababu majembe ya kale yaliyobaki ni machache kuliko yalivyokuwa mengi. Hayakutupwa; yalikwisha kwa kazi, na mabaki yake yakawa vitu vingine.

Basi ajabu ya lile pande la mnadani ni kwamba mara nyingine halikuchakaa. Ncha yake ni kamili, msuka wake haukukwaruzwa na mti, na kutu imelifunika lote sawasawa. Jembe lisilolima linataka maelezo zaidi kuliko lililolima, na maelezo yake yamo katika njia ya misafara.

Richard Burton alifika Kazeh, mahali pa Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, na mwenzake John Speke akatoka hapo mwaka uliofuata kwenda kaskazini, akapita katika nchi za Unyamwezi na Usukuma mpaka akaliona ziwa. Katika kitabu cha Burton cha mwaka 1860 jembe limo miongoni mwa bidhaa za njia ile. Watu hukumbuka zaidi pembe za ndovu na watumwa, kwa kuwa ndivyo vilivyofika pwani na kuandikwa katika hesabu za Unguja. Lakini pembe haikuweza kufika pwani bila wapagazi, na wapagazi hawakuweza kula bila mashamba, na shamba halikulimwa bila jembe. Wanyamwezi wengi walisafiri wakati wa kiangazi na kutamani kurudi kabla mvua hazijaanza. Na walipokuwa njiani, wake zao na jamaa zao ndio waliolima. Kila msafara ulioshuka Bagamoyo ulibeba, pamoja na pembe, jasho la mashamba ya Unyamwezi.

Jembe jipya kwa hiyo lilikuwa mali ambayo kila nyumba iliitaka, na kitu kitakiwacho na kila nyumba huwa fedha bila amri ya serikali. Majembe yalifungwa katika mizigo, yakachukuliwa mabegani toka kwa wahunzi mpaka soko la Tabora, yakabadilishwa kwa nguo, shanga, chumvi, mbuzi na ng'ombe. Misafara iliyoshuka pwani iliyachukua ili kutoa hongo kwa wakuu wa Ugogo. Katika ndoa za Wanyamwezi majembe yalikuwa sehemu ya mahari, na maana yake ilikuwa dhahiri: nyumba iliyompoteza binti ilipoteza mikono ya kulima, nayo ikapokea vyombo vya kulimia. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, ametaja hesabu ya majembe yapatayo 150,000 yaliyoletwa katika soko la Tabora katika miaka ya 1890.

Mtu akiilinganisha hesabu hiyo na sarafu 16,198 za tembo, ataona tofauti ya fedha hizi mbili. Sarafu ile ilizaliwa na dhiki. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza manowari za Waingereza zilifunga pwani, Wadachi wakakosa fedha ya kuwalipa askari na wauzaji wa chakula, wakaanza kupiga sarafu Tabora katika karakana ya reli, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kazi hiyo ikawa imekwisha. Fedha hiyo haikupigwa hata mwaka mmoja. Jembe lilipokelewa na vizazi, na aliyelipokea hakuogopa kuanguka kwa serikali, kwa kuwa siku fedha yake ikikataliwa sokoni aliweza kuitia mpini akaenda shambani. Lakini mnadani sarafu ya miezi michache ina jina, na jembe la vizazi halina.

Hata hivyo yatakiwa tahadhari. Si kila chuma kisichochakaa kilikuwa mali ya soko. Katika njia iliyotoka Tabora kwenda Karagwe, msafiri alifika kwa mfalme Rumanyika, na Stanley aliyemtembelea mwaka 1876 aliona kwake hazina ya vitu vya chuma na shaba vilivyokuwa alama za enzi. Vitu vya namna hiyo havikuuzwa wala havikulima. Basi mwenye kutambua asiseme upesi kuwa jembe zima ni fedha. Aulize limetoka nyumba gani, lilihifadhiwa wapi, lilikuwa pamoja na vitu gani. Likiwa limekaa na mengine kumi katika mzigo mmoja ni jambo moja. Likiwa limekaa peke yake katika nyumba ya mtemi, pamoja na ngoma, ni jambo jingine. Umbo la chuma halibadiliki, lakini maana yake hubadilika kwa mahali palipolihifadhi.

Na hapa ndipo mnada unapofanya hasara kubwa. Jembe likiondolewa katika nyumba, likapita mkono kwa mkono mpaka kwa mwuzaji, hupoteza majirani zake na mashahidi wake. Lililobaki ni umbo, na umbo halisemi mwaka. Kaboni ya makaa iliyobaki katika chuma huweza kupimwa, lakini kwa kitu cha miaka mia mbili au chini yake vipimo hivyo havitoi jibu la hakika. Nao mwaka ni jambo kubwa, kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 imeuweka mwaka 1863 kuwa mpaka: kitu kilichofanywa na mkono wa mtu kabla ya mwaka huo kinahesabiwa kuwa malikale na kinalindwa. Jembe lililokuwapo Kazeh siku alipofika Burton limo ndani ya mpaka huo. Jembe lililofuliwa siku za mwisho za mtemi Mirambo, aliyekufa mwaka 1884, limo nje yake. Majembe hayo mawili yakilazwa juu ya meza moja, huenda pasiwe na jicho litakaloyatenga, isipokuwa kuwe na mtu awezaye kusema: hili lilikuwa la bibi yake mama.

Kazi ya wahunzi haikufa kwa siku moja, na mwisho wake nao umeandikwa katika majembe. Mwaka 1898 Wadachi walianza kutoza kodi ya nyumba, na vijana wakahitaji rupia, wakaenda kuzitafuta mbali katika upagazi, mashamba makubwa na ujenzi wa reli; tanuri likakosa wavukutaji. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na behewa moja liliweza kuleta majembe ya ng'ambo mengi kuliko mizigo ya wapagazi wengi. Kisha, katika miaka ya 1920 na 1930, watu wengi wa nchi za magharibi walihamishwa na kukusanywa pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na mapori yaliyokuwa na mawe na makaa yakabaki bila watu. Mhunzi hakuacha nyundo yake, bali aliacha tanuri: akaanza kufua springi na mapande ya reli. Chuma chake kikawa laini usoni na sawa unene, bila zile punje za mavi ya chuma ndani. Kwa hiyo mtu mwenye majembe matatu, la mawe ya porini, la chuma chakavu cha reli, na la bamba la kiwandani, ana mkononi mwake historia ya miaka mia moja ya Unyamwezi, na aweza kuisoma kwa vidole.

Watu wa pwani husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haikuona haja ya kueleza jembe ni nini, kwa kuwa aliyekuwa hajui hakuwako. Katika nembo ya taifa la Tanzania jembe limewekwa pamoja na shoka na mkuki. Lakini aliyelifua jembe hana sura katika vitabu vingi vya shule, na njia ya misafara huelezwa kana kwamba nchi za bara zilitoa pembe na watu tu, na vitu vyote vilivyotengenezwa kwa ustadi vilitoka ng'ambo. Kipande cha chuma kikiitwa mkuki, maelezo hayo huendelea kusimama. Kikiitwa chombo cha ibada, huendelea kusimama. Hata kikiitwa fedha ya kienyeji, jina lililo karibu na ukweli, bado mhunzi aliyevukuta na mwanamke aliyelima hawaonekani, na mnunuzi hukitundika ukutani kama kitu kilichozaliwa kwa ajili ya kutundikwa.

Kikaratasi cha kweli cha kufungiwa chuma hicho kingeandikwa maneno machache tu: Jembe la msuka, igembe. Chuma cha mawe, kazi ya wahunzi wa pande za Usumbwa, karne ya 19. Halijatiwa mpini, huenda lilikuwa mali ya biashara au ya mahari katika njia ya Tabora. Chini yake ingewekwa nafasi tupu ya mstari mmoja, ili mtu wa Bukene, au wa Nzega, au wa Kahama, ambaye nyumbani kwao limo jembe jingine kama hilo, aje aandike jina la mwenye kulitumia.